Beringi za Pikipiki ya Mama

Mama alikataa gari, akakataa na bodaboda. Alisema Mbekenyera kumwona dada yake atakwenda kwa pikipiki yake mwenyewe, ile aliyozungukia vijiji vya Lionja enzi zake za ukunga, au haendi kabisa. Pikipiki yenyewe ilikuwa imelala stoo miaka na miaka, kuku wanataga chini yake. Mama mkubwa alikuwa hoi kitandani, na binti yake alikuwa anatupigia simu kila asubuhi: njooni, hali si nzuri. Mimi ni mtu wa haraka, sijifichi. Nilifunga kanga kiunoni nikashusha injini siku hiyohiyo, hapohapo barazani kwetu Nachingwea.

Beringi mbili za krenki zilikuwa zimekwisha. Krenki ndicho chuma kinachozunguka katikati ya injini, na beringi hizo ndizo zinazokibeba. Muuza spea wa sokoni alinipa zenye namba ileile akasema saizi ni saizi, nisimsumbue. Nikampelekea Mama. Macho yake hayaoni tena, lakini aliivisha moja kidoleni, akaizungusha, akatega sikio. Akasema imebana, injini ikichemka itakaba na kutumwaga barabarani. Nikaangalia ya zamani: pembeni ina alama ya C3, maana yake gololi zimeachiwa nafasi kidogo, ili chuma kikitanuka kwa joto zisikwame. Mpya hazikuwa nayo.

Nikazirudisha, nikapewa nyingine. Mama akasema zina mchanga. Jamani! Simu inaita, injini iko vipandevipande kwenye beseni la kufulia, na mimi naingia natoka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Usingizi sina, chakula hakipiti.

Ndipo nikakumbuka mashine za kusaga za umeme. Mota zake hushinda zinachemka kutwa, kwa hiyo beringi zake lazima ziwe na nafasi. Nikadandia bodaboda hadi Ruangwa, kwenye duka la vipuri vya mashine, na kweli nikazikuta: saizi yetu, C3, gololi zimeshikwa na chuma, si plastiki. Tatizo zilikuwa zimefunikwa mpira ili grisi isitoke. Injini yetu hupata oili iliyochanganywa na petroli, na ule mpira ungeizuia isifike kwenye gololi. Nilibandua mpira kwa sindano, nikaosha grisi yote kwa petroli, nikazipaka oili safi. Nilirudi Nachingwea nacheka peke yangu njia nzima, dereva akaniuliza kama nimeposwa.

Mama akavisha ya kwanza kidoleni. Akazungusha. Akasema, "Hii inalia."

Nikaitegea sikio mimi. Kimya kabisa. Nikategea na ya pili, kimya. Nikamwambia hazilii. Akasema zinalia, nirudi Ruangwa nikatafute nyingine. Hapo nikapasuka. Nikamwambia wazi kwamba yeye atabaki hapa kuzungusha beringi mpaka dada yake azikwe.

Hakukasirika. Aliendelea kuizungusha ile beringi taratibu, uso ameuelekeza uani.

"Nikifika kule, mwanangu, ni kuagana," alisema. "Mpaka sasa hatujaagana."

Nikakaa chini sakafuni. Hasira ilikuwa bado ipo, na huruma nayo imeingia, sijui nishike ipi. Siku zote hizo nilidhani nagombana na vyuma. Nilimwambia kwa upole kwamba kesho nazifunga hizihizi. Alizifuta kwa pindo la kitenge chake akanirudishia.

Asubuhi nilizipeleka kwa jirani anayeuza barafu za ubuyu, nikazilaza kwenye friza lake ndani ya mfuko wa plastiki ili zisinyae kwa baridi. Bodi ya injini, ganda zinamokaa beringi, nikaiweka juu ya bati lenye mkaa chini yake itanuke, mpaka tone la maji likidondokea linarukaruka. Ya kwanza ilizama yenyewe, kwa uzito wake. Ya pili ikakaa upande. Bodi inapoa, nikaona hapa dawa ni moja. Mafundi wengi hugonga tu na mambo yanakwenda, kwa muda. Mama kwenye kiti chake alisikia nikivuta nyundo kwenye sanduku.

"Weka chini hiyo," alisema. "Itoe, ipeleke tena kwenye baridi. Upashe bodi upya."

Nilinung'unika sana, lakini nilifanya hivyo. Mara hii iliingia na kutulia kwenye kitako chake bila kuguswa.

Siku nilipoiwasha, Mama aliweka kiganja kwenye bodi ya injini, akakiacha hapo muda mrefu. Nilikuwa nangoja aseme inalia. Machozi yalianza kumtoka kabla hajasema neno.

"Haina kasoro," alisema. Kisha akaomba nimtafutie kitenge kizuri cha safari.

Tulifika Ruangwa vizuri, amenishika kiuno hadi mbavu zinauma. Akasema tusimame, injini ipoe. Nikasimama. Tulipotoka mjini, hatujafika mbali, akasema tena tusimame, ipoe. Niligusa bodi kwa kidole. Joto lake lilikuwa la kawaida tu. Sikubisha. Nilizima, tukakaa kando ya barabara pembeni ya shamba la mikorosho, mimi natikisa mguu, yeye amekunja mikono mapajani.

Simu ikaita, ni binti wa mama mkubwa. Nikapokea haraka. Akasema mama yake ameamka, amekataa uji, anauliza tu mmefika wapi.

Nikamweleza Mama neno kwa neno. Akanyoosha mkono nimwinue.

"Mwambie injini imepoa," alisema. "Mwambie tunakuja."