Ng'ombe wa Bibi na Samaki Niliyemla

Nilikuwa mtoto wa miaka minane hivi, enzi za Wabelgiji, naishi kwa bibi yangu mzaa mama kule Cyanzarwe, niliposingiziwa kwamba nimemfanya ng'ombe kuwa tasa. Watu wakinisikia nikisimulia wanacheka. Wacha wacheke, mimi hadi leo sijaona cha kuchekesha.

Mama alikuwa amefariki. Baba, fundi cherehani wa mjini Gisenyi, alikuwa ameoa tena, kwa hiyo bibi akanichukua. Nilimpenda kupita kiasi, nikimganda kutwa kama kupe. Hata ng'ombe wake, Gaju, nilimpenda kwa sababu yeye alimpenda.

Nyumba ile ilikuwa na mwiko: ukila samaki, usiguse maziwa mpaka kesho, la sivyo unamharibu ng'ombe, hashiki mimba tena. Basi, sisi watoto wa Waswahili, kama watu wa kule walivyotuita sisi Waislamu wa mjini, samaki ndiyo chakula chetu. Siku moja baba alikuja kunisalimu na samaki wa kukaanga. Nilikula, na jioni kiu iliponibana nikanywa maziwa. Mjomba, mtoto wa kiume pekee wa bibi, aliniona. Akaliweka moyoni.

Mwaka huo Gaju alikonda, mbavu zikawa nje. Ndama wake alidumaa, ana mwaka mzima lakini kimo cha mbuzi. Maziwa yakakauka, na Gaju hakuonyesha hata dalili ya kutaka dume. Bibi alipoanza kuuliza kuna nini, mjomba akaninyooshea kidole.

"Mama, iko nini tena ya kuuliza? Huyu mutoto alikula samaki, akakunywa maziwa. Mi nilimuona."

Nilimtazama bibi, nikingoja anitetee. Aliinamisha kichwa, akaenda kufunga nguo zangu. Kesho yake nikarudishwa mjini kwa mama wa kambo, macho yamevimba kwa kulia, nikiamini kabisa kwamba nimemaliza uzao wa Gaju.

Baadaye sana muuza viazi wa kule akatuambia: Gaju alipelekwa Bugeshi, kwenye nyasi nzuri chini ya volkeno, amenenepa, amezaa. Nilifurahi kama mwehu. Nikakusanya nguo zangu, nikakaa mlangoni. Hakuna aliyekuja kunichukua, si siku ile wala baada yake.

Nilikuwa nimeshaolewa ndipo nilipomuuliza bibi. Hakuzunguka. Mjomba alikuwa amelima mteremko wote wa malisho akapanda viazi vyake, na Gaju akabaki kuokota majani makavu kati ya mawe ya volkeno.

"Ngombe ya njaa haishike mimba, mwanangu. Iko mutu asiyejua ile?"

"Ulijua tangu siku ile?"

"Nilijua. Lakini yeye ndiye mwana niliyebaki naye. We ulikuwa na baba."

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Nilimuaga vizuri, maana adabu ninayo, nikaenda kulia barabarani.

Sasa nimezeeka, na bado sinywi maziwa nikiwa nimekula samaki. Mwiko wenyewe sina ugomvi nao, uliwekwa na watu waliowaonea ng'ombe wao uchungu. Kinachonichoma ni kwamba bibi hakuuamini hata kidogo siku alipoutumia kunifukuza. Angeuamini, ningemsamehe.