Siku Niliyowagawia Watu Shamba Lao

Mimi barabara ya Garissa siipendi, na nikiulizwa sababu husema ni joto, kwa sababu ukweli una aibu: kuna boma moja huko mbele ya Mwingi ambako nilikula kuku wa watu mpaka nikalamba vidole, nikawagawia shamba lao, nikadai na zawadi juu yake, na hakuna mtu yeyote duniani aliyenituma.

Ilikuwa miaka ya tisini, nikiwa fundi wa mashine kwenye kiwanda kimoja cha nguo pale Eneo la Viwanda Thika, na nilikuwa nampenda Shiro, aliyekuwa akiuza dukani Juja, naye alinipenda, shida ilikuwa baba yake. Baba Shiro ndiye aliyekuwa msimamizi wetu wa zamu (ndiyo, nilijitafutia binti wa bosi, msinicheke bado). Nilipomwendea kumwambia nataka kutuma wazee nyumbani kwake Ruiru, alivua miwani akaipangusa polepole akasema, "Kijana, mimi najua vile unafunga nati. Wewe mwenyewe sikujui. Ngoja kwanza nikujue."

Basi nikangoja. Ndipo meneja wetu wa mauzo, aliyekuwa ametoka kusoma ng'ambo, akatuletea mchezo wa ajabu wa kutafuta mikebe. Alikuwa ameenda na hiyo barabara ya Garissa akaificha mikebe njiani, chini ya mawe na kwenye mashimo ya miti, na ndani ya kila mkebe kuna karatasi ya kukuelekeza kwenye mkebe unaofuata, na timu itakayomaliza kwanza inapata zawadi. Kila timu ilipewa dira, nyundo na vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu, ili ukifika kituo ugonge kigingi ionekane ulifika. Tena akatuonya kwamba kwenye vituo vingine tutakuta watu wa kutupima akili (hayo maneno ndiyo yaliyoniua). Timu zilipopangwa Baba Shiro akasema yeye anaenda na mimi, sisi wawili tu, kwa Landrova ya kijivu ya kiwanda, nami nikajua leo ndiyo leo, leo ninajulikana.

Mkebe wa kwanza tukapata, wa pili tukapata, Mzee akasema "Si mbaya," kichwa kikanivimba. Baada ya Mwingi nchi ikawa kavu kabisa, mchanga mwekundu na miti ya miiba, na karatasi inasema pinda kulia baada ya daraja lisilo na maji, na mimi nawaambia huko madaraja yote hayakuwa na maji. Hapo ndipo nilipopaswa kusimama niulize. Lakini Mzee alikuwa kando yangu, na kijana anayetaka kujulikana vizuri haulizi njia, kwa hivyo nikapinda kijia cha kwanza kilichotokea kana kwamba nilizaliwa huko. Mzee alikuwa ameanza kusinzia. Niliposimama chini ya mti mkubwa kando ya boma akafungua jicho moja.

"Ni hapa?"

"Ni hapa kabisa, Mzee."

Nikashuka na dira yangu, nikaanza kuhesabu hatua kutoka kwa ule mti, naangalia kaskazini, naangalia karatasi, nikagonga kigingi kimoja hata kabla sijaona mkebe, na nilipoinua kichwa nikakuta watu wanatoka nyumba zote, na mbele yao mama mmoja mzee anakuja karibu akimbie.

"Wewe ndio yule tuliambiwa atakuja?"

"Ndio mimi, mama."

"Tumewangoja sana! Kuna mwingine alikuja, akashindwa, akarudi."

Nilifurahi jamani. Timu nyingine imeshindwa! Nikawasalimia wote kwa mkono, na Mzee akatolewa ndani ya gari akawekewa kiti kivulini na chai mkononi, akaniangalia kwa macho mapya. "Haiya," akasema, "kumbe umejulikana mpaka huku." Mwanawe yule mama, mkubwa, anaitwa Musyoka, akakimbiza kuku. Nilitaka kukataa kwa sababu mashindano ni mbio, lakini nikafikiri labda huu ndio mtihani wenyewe, wanatupima heshima, basi nikakaa nikala, na yule kuku alikuwa mtamu, hilo siwezi kukana.

Nilipomaliza, mama akawasimamisha wanawe wawili mbele yangu, Musyoka na mdogo wake Mutua, kila mmoja anaangalia kwake.

"Baba yao alikufa bila kuwaonyesha mpaka," akasema, machozi yakimtoka. "Sasa hawasalimiani. Hata mimi nikiugua wanakuja kwa zamu ndio wasionane. Waonyeshe mpaka unapita wapi, nami nitulie."

Nawaambia ukweli wangu wote, nilitazama yale machozi nikasema moyoni, huyu meneja kweli amesoma, mpaka mama wa kulia ametafuta! Nikashika dira, nikakunja uso, nikatembea moja kwa moja kuelekea kaskazini nikigonga vigingi, watu wote nyuma yangu, nikapita kando ya zizi, nikapita jikoni, na kigingi cha mwisho kikaangukia pale chooni, kwa namna ambayo shimo lilibaki kwa Musyoka na mlango kwa Mutua. Nikapangusa mikono.

"Nimemaliza. Sasa nipeni kile mlicho nacho niende zangu."

Wakatazamana.

"Tukupe nini?" Mutua akauliza.

"Si ile kitu yangu! Zawadi! Kwani hamkuachiwa?"

Mutua alicheka kicheko kibaya. "Mnamsikia? Amekula kuku ya Musyoka, akampea Musyoka shamba, sasa anataka na ingine!" Musyoka naye, ambaye dakika hiyo hiyo alikuwa ameanza kung'oa ua wa mdogo wake, akaacha, akasema yeye hakunipa kitu, yeye alichinja kuku tu kama mtu mwenye adabu. Watu wakaanza kupiga kelele kwa Kikamba, na mimi sikielewi, nikabaki nageuka huku na huku na nyundo mkononi. Mutua akataka kuona karatasi yangu. Nikampa ile ya mkebe. Akaisoma kwa sauti, akaigeuza nyuma, akaisoma tena.

"Wewe si wa kupima mashamba?"

"Mimi? Mimi ni fundi wa mashine Thika."

"Na unatafuta nini kwetu?"

"Mkebe."

"Uko na nini ndani?"

"Karatasi."

"Ya nini?"

"Ya kusema mkebe mwingine uko wapi."

Hata mimi mwenyewe nilipojisikia nikisema hivyo niliona sina akili. Mtu akasema huyu ni tapeli, mwingine akasema afungwe kamba apelekwe kwa chifu, na tayari nilikuwa nimeshikwa kola. Nilikuwa naogopa jamani, na bado sielewi kosa liliingilia wapi. Ndipo yule mama akamgeukia Baba Shiro kwenye kiti chake.

"Mzee, wewe unaonekana mtu mzima. Unamjua huyu?"

Mzee akaniangalia. Akaangalia vigingi mpaka kule chooni. Akavua miwani akaipangusa, na mimi nikasema kwisha, huyu alishaniambia hanijui.

"Namjua," akasema. "Huyu ni mkwe wangu. Ameoa msichana wangu."

Mkono ukaachilia kola. Mama akashika kiuno, akamtazama Mzee kwa huruma kubwa sana.

"Ulishachukua mbuzi zake za mahari?"

"Bado."

"Pole, baba."

Wakacheka, na kucheka kwao kukaniokoa. Musyoka na Mutua wakang'oa vigingi, mmoja anavuta, mwingine anapiga teke, wakinitukana kwa zamu, na mama akasimama akiwatazama wanawe, akaacha kunitazama mimi. Nilimwomba msamaha. Alisema tu niende kabla hawajachoka kucheka.

Tukarudi, safari hii Mzee akishika usukani. Mikebe iliyobaki sijui ilienda na nani. Tulipofika Ruiru nikaenda kushukia pale Kimbo nilipokuwa nimepanga chumba, na kabla sijafunga mlango nikajikaza.

"Mzee, ile maneno ulisema kule..."

"Maneno gani?"

"Ya mkwe."

"Mbele ya watu wote wale," akasema, kama mtu aliyeibiwa. "Sasa nitafanyaje? Leta wazee wako."

Nikawaleta, na Shiro yuko nyumbani kwangu, na watoto. Tangu siku hiyo sijawahi kuhesabu hatua kwenye ardhi ya mtu, na nikipotea nauliza hata mbuzi. Lakini mpaka leo tukienda sherehe na Baba Shiro, akiniita mbele ya watu akasema huyu ni mkwe wangu, mimi humtazama usoni, na bado sijui kama ananitambulisha au ananiokoa.