Kikombe cha Kila Aliyecheka

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nasema hivyo nikiwa na akili zangu timamu. Nimekaa Kariakoo miaka thelathini na moja. Nimeona mtu akiuza nyumba ya mwenzake huku mwenye nyumba yuko dirishani anapiga mswaki. Nimeona duka linafungwa Ijumaa likiwa la vitenge, Jumatatu linafunguliwa likiwa la betri za magari, muuzaji yuleyule, salamu ileile. Mimi mwenyewe nilishuka kwenye treni kutoka Tabora na darasa la nne na shati moja, nikaanza kubeba magunia. Leo nina fremu tatu za vyombo vya plastiki, na watu wenye digrii wananiamkia. Sasa nishangazwe na nini?

Vijana wafanyabiashara wa mtaani kwetu wameniomba niwaandikie habari za uongozi: kusamehe, kuchukua hatua, na kupokea maneno ya wanaokukosoa. Walishamwalika msomi mmoja, akawachorea pembetatu ukutani. Walipotoka wakaja kwangu. Nimewaambia sina pembetatu. Nina habari moja tu, na naiandika kama ilivyokuwa, pamoja na sehemu ambazo sikufanya vizuri, ambazo si nyingi.

Mimi ni mwenyekiti wa wafanyabiashara wa jengo letu. Ghorofa nne, fremu arobaini na mbili. Nilichaguliwa kwa kura zote isipokuwa moja, na huyo mmoja namjua lakini nimemsamehe. Siku ya kwanza nilichongesha mhuri. Kiongozi asiye na mhuri ni mpiga domo tu.

Mlangoni mwa jengo alikuwa anakaa bibi mmoja wa Kizaramo, anauza chai ya tangawizi na vitumbua. Alikuwepo pale kabla ya jengo. Ilipokuwa nyumba ya udongo na mabati alikaa barazani. Walipoivunja akahamia ng'ambo ya barabara, akawauzia chai hao hao waliokuwa wanavunja. Ghorofa liliposimama akarudi palepale. Hakuwa na kazi nyingine wala mtu wa kumsaidia. Chumba chake Magomeni, chakula chake, dawa zake za presha, vyote vilitoka kwenye lile birika.

Sasa, mimi Mnyamwezi, yeye Mzaramo. Yaani watani. Wazee wetu walipokuwa wanateremka pwani na mizigo kichwani, wazee wao ndio waliowapokea, wakawacheka, wakawapa maji. Utani ukaanzia hapo na haujaisha. Mtani anaweza kukusema mbele ya wakwe zako. Anaweza kuvua kofia yako akaondoka nayo ukaikomboe. Anaweza kuja msibani kwako akajilaza kaburini mpaka umtoe kwa hela. Wewe ruhusa yako ni moja: ucheke, kisha umrudishie. Kukasirika hakuna. Anayemkasirikia mtani anatozwa faini, na anayeipanga faini ni mtani.

Kila asubuhi ilikuwa hivi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mpagazi. Leo umebeba nini?"

"Nimebeba tumbo langu tu."

"Tena zito! Babu zako walibeba pembe za ndovu, wewe unabeba ugali wa jana."

"Nyie Wazaramo mngepunguza ngoma mkafanya kazi, na wewe ungekuwa na ghorofa lako."

"Ningekuwa na ghorofa ningekupangisha wewe? Una nini wewe zaidi ya ndoo?"

Hapo nanunua vitumbua viwili, napanda dukani. Siku ambayo hakunisema nilikuwa naona kama nimesahau funguo.

Tuje kwenye chemba. Nyuma ya jengo, kwenye uchochoro, kuna chemba ya maji ya mvua yenye mfuniko wa zege. Ilikuwa imeziba. Masika yalikuwa yanakaribia na watu wanalalamika, basi nikachukua hatua: niliitisha kikao. Kikao cha kwanza kikaunda kamati, nami nikatengenezesha bango kubwa la usafi lenye picha yangu. Kikao cha pili kikapokea taarifa ya kamati, kwamba chemba imeziba. Kikao cha tatu kilikuwa cha kuipongeza kamati. Nilikodi viti vyenye vitambaa na nikaalika mgeni rasmi, afisa mmoja wa serikali, mtu wa suti.

Chai ya kikao aliileta bibi. Alipoingia nilikuwa katikati ya hotuba, nimefika pale pa kusema uongozi ni mzigo mzito. Akatua birika mezani.

"Mtani, nikukate hapohapo. Wewe umeingia mji huu unabeba magunia ya kilo mia. Leo mfuniko wa chemba umekushinda? Vikao vitatu! Maji yako njiani yanakuja, na hayajui kusoma muhtasari."

Watu walicheka. Katibu wangu, Mchaga anayeuza chupa za chai kwa jumla, mtu ambaye hacheki mpaka duka lifungwe, alilalia meza. Mgeni rasmi alicheka mpaka chai ikamtoka puani, ikaishia kwenye suti.

Nilichotakiwa kusema nakijua. Nilijua hata siku ile. Ningesema, "Mzaramo, ngoja nimalize hotuba nikufunike na huo mfuniko." Basi. Watu wangecheka tena, tungeinuka wote, tungeenda kuifungua chemba, saa nane tungekuwa madukani. Badala yake nilipiga meza kwa mhuri. Nikasema kuanzia kesho sitaki kuona jiko wala birika mlangoni mwa jengo hili.

Katibu akaniinamia.

"Aisee Mwenyekiti, huyo si mtani wako?"

"Utani gani mbele ya mgeni rasmi?"

"Utani hauna mgeni rasmi, Mwenyekiti."

"Andika kwenye muhtasari."

Akaandika. Bibi hakujibu neno, na sikuwahi kumwona bibi yule akiacha kujibu. Alikusanya vikombe kimoja kimoja, pamoja na cha mgeni rasmi ambacho kilikuwa bado kina chai.

Kesho yake mlango ulikuwa mtupu. Nikasikia amehamia mtaa wa Gerezani, karibu na wauza spea. Lakini mafundi wa kule wana mama zao wa chai wa siku nyingi, na mtu habadilishi mama wa chai hivihivi. Nikasikia anarudi Magomeni na birika likiwa nusu. Nikasikia dawa anameza siku moja, siku moja anaruka. Wiki ya tatu nikasikia anatafuta mtu wa kununua benchi lake. Mimi nikasema moyoni: akija kuomba radhi nitamsamehe. Nilikuwa tayari kabisa. Wiki tatu nzima nilikaa nikiwa tayari.

Wiki hizohizo nilipata heshima ambayo sijawahi kuipata. Shikamoo Mwenyekiti. Mwenyekiti leo umependeza. Nikiuliza kama kuna tatizo lolote, naambiwa hakuna tatizo Mwenyekiti. Nikiingia mahali, mazungumzo yanakatika kwa adabu. Nikadhani sasa nimeuweza uongozi.

Mvua kubwa ikaja Jumanne. Nilifika saa mbili asubuhi na mwavuli wangu, na kitu cha kwanza nilichoona ni ndoo ya kijani inakuja upande wangu katikati ya barabara. Nikaitambua. Nyuma yake kulikuwa na beseni. Stoo yangu mlango wake uko kwenye uchochoro ule, hatua tano kutoka kwenye chemba. Maji yalikuwa yametapika, yameingia ndani, yamesukuma mlango, na bidhaa zangu zilikuwa zinatoka kwa mstari kama wanafunzi, zinaelekea bonde la Jangwani. Siku zote huwaambia wateja kwamba ndoo zangu hazizami. Ni kweli, hazikuzama. Watu walikuwa wanazidaka. Mama mmoja aliniuliza kama ninayo na mifuniko yake.

Mlinzi wetu, mzee wa makamo, alikuwa amesimama juu ya kreti la soda.

"Maji yameanza saa ngapi?"

"Alfajiri, Mwenyekiti."

"Na chemba?"

"Chemba ilianza kurudisha tangu Ijumaa."

"Ijumaa! Si jana nimekuuliza kuna tatizo, ukasema hakuna?"

"Nilisema hakuna."

"Kwa nini?"

Aliangalia ndoo zinavyopita, kisha akaniangalia.

"Mwenyekiti, yule bibi ni mtani wako. Ana ruhusa ya mababu kukusema. Alikusema, ukamfukuza. Mimi mlinzi wa mshahara nina ruhusa ya nani?"

Hapo nilishangaa. Kidogo. Sioni sababu ya kuficha.

Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikaomba mtaimbo. Kikao hakikuwepo. Mfuniko ule niliunyanyua peke yangu, na anayetaka ushahidi amuulize mlinzi. Nguvu bado ninazo. Nikazamisha mkono mpaka begani. Kitu cha kwanza kutoka kilikuwa nailoni za kufungia mizigo, za bluu. Jengo zima ni mimi peke yangu ninayeagiza mzigo wenye nailoni za bluu. Nikatoa fungu, nikatoa fungu jingine. Mwisho nikashika kitu kipana, kizito, nikakivuta taratibu. Lilikuwa bango la usafi. Wabeba mizigo walilitumia kufunikia maboksi, likaishia humo. Picha yangu ilikuwa bado inatabasamu. Lilipotoka tu, maji yote yakashuka kwa mlio mmoja mrefu. Kazi nzima ilichukua robo saa. Vikao vilikuwa vimechukua wiki sita.

Mchana uleule nilienda Gerezani na katibu, kwa sababu kwa mtani huendi bila shahidi. Tulimkuta chini ya kipande cha turubai, moto mdogo, benchi lipo bado, mnunuzi alikuwa ameahidi kuja jioni. Nilikuwa nimepanga hotuba njiani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba Mwenyekiti."

Aliniita Mwenyekiti. Miaka yote hiyo ananiita mpagazi, siku hiyo ananiita Mwenyekiti. Nawaambia ukweli, neno lile liliniuma kuliko ndoo.

"Nimekuja kwa heshima na taadhima ku..."

"Umeloa. Keti." Akanimiminia chai. "Chemba imefunguliwa?"

"Imefunguliwa."

"Na kamati?"

"Na mkono."

"Lete niuone."

Nikampa. Kucha nyeusi, ngozi imechubuka. Akaugeuza huku na huku kama nesi, akaurudisha. Hotuba ilishanitoka kichwani.

"Nimekukosea bibi. Nisamehe."

"Kusamehe nilikusamehe palepale, nikiwa nakusanya vikombe. Kinyongo kina uzito, na mimi si wa kabila la kubeba mizigo." Akachochea moto. "Lakini msamaha ni wangu, faini ni yako. Hujasikia mtani akinuna anatozwa?"

"Hiyo ndiyo sheria, aisee," katibu akasema.

"Wewe Mchaga nyamaza. Kwanza hiyo chai unayokunywa nani kakwambia ya bure?"

Kisha akapanga faini. Nimrudishe mlangoni kwake. Vitu vyake vyote nivibebe mimi, kichwani, mchana ule kweupe. Na kila atakayecheka njiani, kikombe kimoja cha chai juu yangu. Nikapiga hesabu haraka. Nani atathubutu kumcheka mwenyekiti? Kumi? Kumi na tano? Nikakubali.

Alinisokotea ngata kwa kanga yake mwenyewe. Benchi likageuzwa miguu juu, katikati ya miguu tukapanga jiko, birika, sufuria na ndoo ya vikombe. Sikuwa nimebeba mzigo kichwani miaka ishirini na tano. Shingo ilikumbuka yenyewe. Bibi akatangulia mbele, mikono mitupu, anapaza sauti:

"Pisheni! Mpagazi wangu anapita! Ndiyo kwanza anaingia kutoka Tabora, mji haujui, msimgonge!"

Wauza spea walicheka. Mafundi walitoka chini ya magari kuja kucheka. Katibu alikuwa nyuma yangu na daftari la muhtasari, anaandika. Tulipovuka barabara ya mwendokasi basi zima lilinicheka kupitia vioo, nikasimama nikalalamika. Bibi akaamua kwamba wale wa kwenye basi wasihesabiwe, maana hawawezi kushuka kuja kunywa. Nilimshukuru.

Nilikuwa sijui kwamba habari zilishatangulia. Tulipofika, fremu zote arobaini na mbili zilikuwa zimemwaga watu barabarani, wanacheka kabla hawajaniona.

"Hao wanacheka nini na hawajaona kitu?" nikauliza toka chini ya benchi.

"Cheko ni cheko," bibi akasema. "Andika, Mchaga."

Yule mgeni rasmi naye alikuwepo, amekuja kuangalia hali ya mafuriko. Safari hii alicheka bila chai mdomoni. Akaandikwa. Mlinzi alikuwa wa mwisho.

"Mwenyekiti, naomba kucheka."

"Cheka."

Akacheka mpaka akakaa chini.

Nikatua mzigo pale alipokaa siku zote. Sakafu ilikuwa bado ina alama ya jiko. Bibi akapanga vitu vyake, akawasha moto, akafungua pindo la kanga, akanipa shilingi elfu moja.

"Ya nini?"

"Ujira. Mpagazi hulipwa kabla jasho halijakauka."

Niliipokea. Vijana mtasema mwenyekiti angekataa. Mwenyekiti aliyekataa mambo ndiye aliyetufikisha kwenye maji.

Siku hizi kila Ijumaa nasimama mlangoni namuuliza bibi nimeharibu wapi wiki hii, na huanza kujibu kabla sijamaliza kuuliza. Mlinzi naye ameanza. Katibu ameanza, na yeye hata si mtani wangu. Wakati mwingine natamani zile wiki tatu za heshima. Halafu nakumbuka ile ndoo ya kijani.

Ndoo siziingizi kwenye hesabu, hizo nilikuwa nikidaiwa na chemba. Naandika faini tu. Katibu alisoma daftari mbele ya watu: vikombe mia moja arobaini na sita, shilingi mia tano kila kimoja, na bibi alichemsha siku mbili mfululizo ndipo vikaisha. Ukitoa ujira wangu wa kubeba, kumkasirikia mtani kulinigharimu shilingi elfu sabini na mbili kamili.