Mashine Bubu ya Wignyo

Jirani yangu Wignyo na mkewe Kasiyati ni vipofu tangu utotoni, na riziki yao ni kukanda watu. Nyumba yao ina vitanda viwili, pazia la kijani katikati, na harufu ya mafuta ya karafuu isiyotoka hata ukifungua madirisha yote. Mimi nauza wali wa pecel, wenye mboga na mchuzi wa karanga, kwenye baraza ya nyumba inayofuata. Ukuta unaotutenganisha ni wa mbao nyembamba, kwa hiyo ya kwao nayasikia na yangu wanayasikia.

Hapa Malang watu wanamjua Wignyo kwa mikono yake. Unakwenda kwake umepinda, unarudi umenyooka. Lakini ukandaji ulikuwa wa kulisha tumbo tu. Moyo wake ulikuwa kwenye muziki.

Alipokuwa kijana, studio moja ndogo karibu na stesheni ilimchukua awapangie watu nyimbo za keroncong, muziki wetu wa zamani wa nyuzi, aamue fidla iingie wapi na filimbi inyamaze wapi. Studio ile ilikuwa na kompyuta yenye alama ya tufaha lililong'atwa, na kompyuta hiyo ilikuwa inasema. Kila alichogusa ilimtajia. Aliifanyia kazi miaka mingi mpaka vidole vyake vikaijua kuliko anavyoijua nyumba yake. Kisha mwenye studio akafariki, warithi wakauza kila kitu mpaka milango, na Wignyo akabaki na migongo ya watu asubuhi hadi jioni.

Nilimuuliza siku moja, "Mas Wignyo, si nasikia hata kompyuta za kawaida siku hizi zinasema? Chukua moja hapo mjini."

"Bu Rukmi," akasema, maana kwetu Bu ni mama na Mas ni kaka, "wewe karanga zako unazisaga kwa jiwe. Nikikuletea mashine ya umeme utasaga?"

"Nitasaga."

"Utasaga, lakini wateja wakionja tu watakuuliza nani amekufa."

Programu aliyoizoea haikufanya kazi popote ila kwenye zile za tufaha. Na kununua yenyewe, hata kuukuu, kwa mkandaji ilikuwa ndoto ya mchana. Ndipo akasikia kwa wenzake wasioona, ambao hupiga soga kwenye simu mpaka betri ziishe, kwamba mtu anaweza kununua vipande vya kompyuta ya kawaida, akaviunga mwenyewe, kisha akaulaghai ule mfumo wa tufaha ukubali kuishi humo. Kampuni yenyewe haitambui jambo hilo. Ukipata, umepata. Ukikwama, shauri yako.

"Yaani unataka kutorosha binti wa watu," Kasiyati alisema kutoka nyuma ya pazia.

"Nitamtunza."

"Na akiugua utampeleka kwa nani? Kwa wakwe?"

"Nitampeleka kwa Koh Liong."

Koh Liong, yaani kaka Liong, alikuwa mzee wa Kichina mwenye duka la vipuri vya kompyuta nyuma ya soko. Alikuwa akija kwa Wignyo kukandwa kiuno, na yeye mwenyewe alikuwa na mashine ya namna hiyo dukani, aliyoiunga kwa mkono wake. Ndiye aliyemchagulia kila kipande. Kadi hii ya picha usiiguse, mfumo utaikataa. Chukua hii ya zamani. Bodi isiwe ya mwaka huu, iwe ile ambayo wengi wameshaijaribu. Wignyo alikariri yote kama mtu anayehifadhi sura za msahafu.

Mashine aliiunga kwenye baraza yangu, juu ya mkeka, kwa sababu kwake kila kitu kina mafuta. Wateja wangu walikula huku wakitazama. Alikuwa anapitisha kidole ukingoni mwa bodi, anahesabu matundu, anasita, anarudi, kisha anasukuma mpaka tusikie mlio. Ile dawa nyeupe inayozuia ubongo wa mashine usiungue aliipaka kwa ncha ya kidole, kiasi cha punje ya mchele.

"Mas, hicho kiwaya umekipindua," mteja mmoja akamwambia.

"Kiwaya kiko sawa. Wewe angalia sahani yako."

Kweli, mchuzi ulikuwa unamchuruzikia mtu yule kwenye suruali. Tulicheka sana siku hiyo.

Alipoiwasha, feni ilizunguka, akatabasamu. Tukangoja. Hakuna kingine kilichosikika.

"Bu Rukmi, niazime macho."

Nikaosha mikono, nikaketi mbele ya skrini. Ilikuwa nyeusi, na maandishi meupe yalikuwa yakipita kama siafu wanaohama. Kiingereza sikijui. Koh Liong alikuwa kwenye simu, na kazi yangu ikawa kumsomea herufi moja baada ya nyingine pale siafu waliposimama.

"Herufi kubwa au ndogo?" Koh Liong aliuliza.

"Ya wastani."

"Bu, hakuna herufi ya wastani!"

"Basi kubwa. Koh, mchuzi wangu unaungua."

Tuliendelea hivyo mchana baada ya mchana, wali ukishaisha. Koh Liong alirekebisha faili dukani kwake, akaleta kwenye flashi, tukaiwasha, siafu wakapita, wakasimama mahali pengine. Wignyo alikaa kando yangu, mikono mapajani. Mikono ile sijawahi kuiona imekaa bure namna hiyo. Kila niliposema "imesimama," aliitikia "haya" kwa sauti ndogo.

Siku moja siafu hawakusimama. Skrini iliwaka, ikaniuliza nataka lugha gani, nikachagua yetu, nikabonyeza kila nilichoambiwa nibonyeze, na mwishowe ikatokea picha ya milima. Nilipiga kelele mpaka mwenye duka la dawa mkabala akatoka nje.

"Milima, Mas! Ina rangi ya zambarau!"

Wignyo alikuwa ameinamisha kichwa, sikio likielekea kwenye mashine. "Inasema nini?"

"Milima tu, nakuambia."

"Sauti, Bu. Sauti iko wapi?"

Sauti haikuwepo. Kwa mtu yeyote mwenye macho mashine ile ilikuwa kamili, mtu angeweza kuibeba akaenda nayo nyumbani akafurahi. Wignyo alibonyeza vitufe vya kuamsha ile sauti inayosoma. Chini ya skrini kikatokea kisanduku chenye maneno.

"Imeandika, 'Karibu. Msomaji wa skrini amewashwa.'"

Alicheka kicheko ambacho sikukipenda. "Kumbe inasema. Inasema kibubu."

Ikawa kila alichokigusa kinaandikwa kwenye kisanduku, nami nasoma. Yeye anabonyeza, mimi nasema "folda", anabonyeza, nasema "folda tupu." Mimi ndiye niliyekuwa sauti ya mashine. Lakini mimi nauza wali, nina mume na nina sufuria. Siwezi kukaa hapo nikawa sauti ya mtu mwingine siku nzima, na yeye alilijua hilo kabla sijalisema.

Koh Liong alieleza kwamba mfumo hauijui ile sehemu ya bodi inayotoa sauti, hivyo lazima upewe namba, na namba ni nyingi, na ya bodi hii hakuna aliyeiandika. Tukajaribu moja moja. Zima, washa, sikiliza. Zima, washa, sikiliza. Kasiyati alikuwa akipita na taulo zake anauliza, "Bibi harusi bado anaona haya?" Baadaye akaacha kuuliza.

Namba zilipotuishia, Koh Liong alikuja mwenyewe. Aliketi, akaitazama mashine kwa muda, kisha akajipiga paji la uso. Akatoa mfukoni kidude kidogo cha sauti, kile cha kuchomeka kama flashi, akakichomeka na kuunganisha spika.

"Karibu," mashine ikasema, kwa sauti ya mwanamke, kwa lugha yetu.

Wignyo alisimama, akaketi, akasimama tena. Akamtafuta Koh Liong kwa mikono, akamkumbatia kichwa.

"Kiuno, wewe, kiuno!" Koh Liong akalia.

Miezi iliyofuata nilizisikia nyimbo zikitungwa upande wa pili wa mbao. Wignyo alikuwa akiandaa wimbo wake mwenyewe kwa sherehe ya chama cha wasioona, na mwimbaji alikuwa Kasiyati. Maana Kasiyati, pamoja na ulimi wake wote huo, ana sauti ambayo ikianza nasahau kuchochea moto. Walikuwa wakigombana juu ya wimbo huo kila siku.

"Hapo umenipa fidla nyingi. Watu watanisikiaje?"

"Fidla zinakushika mkono."

"Sijaomba kushikwa. Toa!"

Na alizitoa. Kipande kwa kipande wimbo ukakaa sawa, ala zaidi ya kumi, zote ndani ya sanduku lile.

Koh Liong alikuwa amempa onyo moja: ikiomba kusasishwa, kataa. Iliomba kila asubuhi. Wignyo alikataa kila asubuhi, kwa upole, kama mtu anayemrudisha mchuuzi mlangoni. Asubuhi moja alikuwa na mteja kitandani, amemwacha kapakwa mafuta mgongo mzima, na mashine iko wazi. Nilikuwa nakata mboga za kangkung. Nikasikia feni ikipaa, ikishuka, ikipaa tena.

"Bu Rukmi," akaita. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshika kitu cha moto. "Njoo unisomee."

Ilikuwa imejisasisha yenyewe. Siafu wakapita, wakasimama. Tukaizima na kuiwasha, wakasimama palepale. Nilimpigia Koh Liong, simu ikaita mpaka ikakatika. Dukani kwake tulikuta mlango umeshushwa, na jirani akatuambia kwamba amepigwa na kiharusi, binti yake amemchukua Surabaya.

Tulipata namba ya binti. Alikuwa mwema, akamwekea baba yake simu sikioni. Wignyo akaeleza yote, na nikasoma ule mstari wa mwisho, herufi kwa herufi. Upande wa pili kulikuwa na pumzi nzito, kisha, "Di… di…"

"Diski, Koh? Nianze na diski?"

"Di… di…"

"Dirisha? Kuna dirisha la kufungua?"

Tulisikia anavyojikaza. Jibu alikuwa analijua. Nitaapa mbele ya yeyote kwamba alikuwa analijua. Halafu akaanza kulia, na binti akachukua simu akatuomba samahani.

Mafundi wengine wa mjini walitazama. Mmoja alicheka. Mwingine, wa heshima, alisema vipande kama hivi vinakaribia mwisho wake, kampuni imehamia kwenye ubongo wa aina nyingine, na wale waliokuwa wakiandika maelekezo wameanza kutawanyika. Faili za nyimbo alisema angeweza kuzitoa, lakini hazifunguki ila kwa programu ile, na programu ile haiishi ila kwenye mfumo ule. Akajitolea kuifuta mashine yote na kuweka mfumo wa kawaida.

"Nashukuru," Wignyo akasema. "Acha kwanza."

Sherehe ilifika. Niliwasindikiza. Wignyo alikuwa na kinanda kitupu, na vidole kumi haviwezi kuwa ala kumi na zaidi. Kasiyati aliimba. Kwenye ubeti wa pili palikuwa na mahali ambapo yeye ananyamaza na filimbi inachukua. Filimbi haikuwepo. Wignyo aliondoa mikono kwenye kinanda, akangoja muda wote wa ile filimbi, ukumbi mzima kimya, watu wakadhani amesahau. Mtu akaanza kupiga makofi kwa kumwonea huruma. Kisha akarudi kupiga, na mkewe akaendelea.

Njiani Kasiyati hakumkejeli hata neno moja. Alimshika mkono, jambo ambalo sijawahi kuona akilifanya barabarani.

Baada ya hapo aliiwasha kila asubuhi, akasikiliza feni, akaniita. Nilisoma. Ni yaleyale. "Haya," alisema, akaizima, akaenda kunawa mikono kwa ajili ya mteja wa kwanza.

Mwezi uliopita aliniomba nimpeleke Surabaya kumwona Koh Liong. Nikafunga biashara, tukapanda treni. Tulimkuta kitandani kando ya dirisha, amekonda, mkono wa kulia umelala kama si wake. Wignyo hakutaja mashine. Aliketi kwenye kiti, akautafuta mkono ule, akaanza kuukanda, kidole baada ya kidole, na kiganja, na juu mpaka begani, mchana mzima. Binti alileta chai ikapoa.

Ilipofika saa ya kuondoka, Koh Liong alifungua mdomo. "Di…" akasema. Mishipa ya shingo ikamsimama.

"Usijisumbue, Koh," Wignyo akamwambia. "Pumzika."

Lakini hakupumzika. Alisema tena na tena mpaka tulipotoka mlangoni.

Tulipanda treni ya kurudi, tukapita stesheni ya Bangil. Hapo Wignyo akaniuliza, "Koh Liong alipokuwa anasema, alikuwa anatazama nini?"

"Alikuwa anakutazama wewe."

"Basi hakuwa anataja diski," akasema, akageuzia uso dirishani, na tulipofika Lawang wachuuzi walipanda na tukanunua tahu, ile ya soya iliyokaangwa, tukala.