Mti wa Kando ya Bwawa

Wenzake walimwita Mama Mkasi, kwa sababu mkasi wa kupogolea haukumtoka kiunoni hata siku ya kwenda msibani. Aliingia kazini katika bustani ile ya mimea akiwa binti, na mvi zilipoanza kumchungulia bado alikuwa palepale kando ya bwawa, akiudekeza mti mmoja kuliko yote.

Ulikuwa mti wa jamii ya misonobari, aina inayoishi karne na karne, ila porini imebaki michache mno. Bustani nzima ilikuwa nao huo mmoja. Nao ulikuwa na kituko chake: kila msimu wa baridi ulipukutisha majani yote, ukabaki mifupa mitupu.

Asubuhi moja ya baridi aliingia getini akitaniana na mlinzi. Akakata kona ya bwawa. Mti ulikuwa chini. Kando ya kisiki kibichi alisimama mdogo wake wa kiume, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemwombea kibarua pale, msumeno wa mashine mkononi, akijifuta jasho.

"Dada, ule mkavu nimeshaumaliza!"

 Mama Mkasi akaketi kwenye matope. Mti uliokufa kweli, ule ulioliwa na mchwa ambao ndio alioagizwa kuukata, ulikuwa bado umesimama nyuma yao.

"Dada, mbona umeketi chini?"

"Haukuwa umekufa," akanong'ona. "Ulikuwa umepumzika tu."

Mdogo wake akakitazama kisiki, kisha akaitazama mikono yake. Mkuu wa bustani alipofika alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. Kibarua cha kijana kikaota nyasi siku hiyohiyo.

Misonobari mingi ikikatwa ndiyo basi. Huu, mkuu alisema, huenda ukachipua, huenda usichipue. Mama Mkasi akakizungushia kisiki magunia, akawa anakimwagilia kila siku. Nyumbani chakula hakikupita kooni, na ndugu wawili hawakusemeshana.

Mvua ziliporudi, akainua gunia akapiga yowe. Mlinzi akaja mbio na rungu, akidhani ni nyoka. Pembezoni mwa kisiki vilikuwa vimetokeza vichipukizi, kijani, laini kama manyoya ya kifaranga.

Mama Mkasi akampigia simu mdogo wake.

"Njoo uone kwa macho yako," akasema. "Na huo msumeno uuache hukohuko."