Mpiga Mbiu wa Santa Rita del Caño

Casiano Balanta alimtangaza mfalme mara mbili na Jamhuri mara mbili, katika uwanja uleule, kwa ngoma ileile, na mara zote nne sisi watu wa Santa Rita del Caño tulipiga makofi. Mara zote nne kengele zililia na Padri Crisanto akasoma misa ya shukrani. Don Fulgencio Mantilla alilala akiwa meya wa mfalme na kuamka meya wa Jamhuri bila kuhama kitanda. Kilichobadilika ni utepe wa begani. Tuliyaita mambo hayo mapinduzi, na hakuna aliyecheka.

Casiano hakujua kusoma, wala kazi yake haikumtaka ajue. Karani Belisario alisimama nyuma yake na karatasi, akamnong'oneza kipande, naye akakipaza. Kisha kipande kingine. Mpiga mbiu ni koo tu. Kichwa ni cha wakubwa. Tangu ujana Belisario alimfundisha kanuni moja: "Usiongeze neno, usipunguze neno. Hasa lile usilolielewa." Casiano aliishika kwa miaka thelathini. Alilosikia mara moja halikumtoka. Mwaka mmoja alitangaza bei ya chumvi pamoja na chafya ya karani, na soko zima likaitikia, "Mungu akubariki!"

Yeye mwenyewe alikuwa mtu huru. Bwana wake wa zamani alimwacha huru kwenye wosia, yaani alimpa uhuru siku ambayo yeye bwana hakuwa tena na haja naye. Lakini mkewe alikufa mjakazi nyumbani kwa Don Fulgencio, na binti yao Tiburcia akafuata hali ya mama yake, kama ndama. Jamhuri ilipokuja mara ya pili, Tiburcia alikuwa na mimba ya miezi minane. Mumewe alikwenda kuupigania uhuru na akafia vitani. Uhuru ulipatikana, ulikuwa wa watu wengine.

Ndipo ikaja karatasi ya Bunge. Casiano alikuwa mlangoni kwa meya akingoja kazi, dirisha likiwa wazi, na Belisario akaisoma kwa sauti: kuanzia siku sheria hii itakapotangazwa hadharani mjini, kila mtoto atakayezaliwa na mjakazi atazaliwa huru, naye, kulipia malezi yake, atamtumikia bwana wa mama yake hadi atimize miaka kumi na minane. Waheshimiwa walikuwa wamefikiri kweli. Mtoto alipewa uhuru siku hiyohiyo, na ruhusa ya kuutumia akiwa mtu mzima.

Don Fulgencio aliipokea karatasi kwa heshima zote. Aliibusu, akaiweka juu ya kichwa chake, kama babu yake alivyoziweka barua za mfalme, akasema maneno yaleyale ya babu yake: "Naitii. Ila utekelezaji usubiri."

"Usubiri mpaka lini, Don Fulgencio?" aliuliza Belisario.

"Iweke kabatini mpaka Tiburcia azae. Kwani Bunge litakufa kwa mwezi mmoja?"

Casiano alikwenda moja kwa moja kwa Padri Crisanto, aliyekuwa akiandika watoto kwenye kitabu cha ubatizo, huru upande huu, watumwa upande ule.

"Mwanangu," padri alisema, "Kanisa huandika kwa kufuata lililotangazwa. Lisilotangazwa, Kanisa halilijui."

"Lakini padri, wewe si unalijua? Nimekwambia sasa hivi."

"Mimi nalijua. Kanisa halilijui." Akamimina chokoleti yake, maana ilikuwa inapoa.

Kila asubuhi baada ya hapo Casiano alikwenda na ngoma yake kwa meya kuuliza kama kuna la kutangaza. Alitangaza punda aliyepotea. Alitangaza marufuku ya kufulia kando ya kisima. Alitangaza ibada ya kuishukuru Jamhuri kwa kuleta uhuru.

Jumamosi ya soko alipita jikoni kwa meya na kumkuta Tiburcia ameshika ukingo wa meza, ndizi za kumenya zimemwagika sakafuni.

"Baba, uchungu umeanza."

"Mzuie kidogo, mwanangu. Mpaka adhuhuri."

"Nimzuie? Baba, hiki ni kikohozi?"

"Basi kaa. Usisukume. Nakwenda."

"Unakwenda wapi?"

Alitoka mbio. Alifika uwanjani, akapiga ngoma mara tatu. Watu walimgeukia, kisha wakatazama nyuma yake, palikuwa patupu.

"Mzee Casiano!" alipiga kelele Petrona, muuza maandazi ya mahindi. "Leo unanong'onezwa na nani? Na malaika?"

"Amelewa," alisema mwingine. "Mwacheni, atamtangaza mfalme tena."

Casiano alifumba macho na kuanza. Aliitangaza sheria yote, kuanzia jina la Bunge hadi tarehe, palipo na koma akapumua. Soko lilinyamaza hata kuku wakasikika. Na kwa kuwa alifundishwa asipunguze neno, hakuishia pale karatasi ilipoishia. Kwa sauti ileile, kwa heshima ileile, aliendelea:

"Naitii! Ila utekelezaji usubiri! Usubiri mpaka lini, Don Fulgencio? Iweke kabatini mpaka Tiburcia azae! Kwani Bunge litakufa kwa mwezi mmoja?"

Petrona ndiye aliyeanza kucheka. Walipokuwa wakicheka wote, Don Fulgencio alitokea mbio, kitambaa cha mezani bado shingoni.

"Mwongo! Hakuna sheria kama hiyo! Na maneno yale niliyasema ndani ya nyumba yangu!"

"Kumbe uliyasema!" alisema Petrona. "Jamani, ameyasema!"

"Bila karani si mbiu! Ni kelele za mzee!"

"Mheshimiwa," Casiano alisema, "nimekosea neno gani? Karani aje na karatasi, tulinganishe."

Belisario aliitwa, na kabati likafunguliwa mbele ya watu. Alisoma kimyakimya, midomo ikicheza, na mwishowe alisema, kwa uchungu wa mwalimu aliyefaulu kupita kiasi, kwamba hapakuongezwa neno wala kupunguzwa. Padri Crisanto alitangaza papo hapo kwamba sasa Kanisa linajua. Tiburcia alijifungua mtoto wa kike kengele za adhuhuri zikilia, kwenye mkeka wa jikoni, akasikia kutoka uwanjani watu wakishangilia uhuru ambao hawakuuinulia hata kidole.

Don Fulgencio alituliza uso haraka. Alikuwa na mazoezi. Alimpokonya Casiano ngoma na kazi, kisha akaenda jikoni kumtazama mtoto, Casiano akimfuata.

"Mzuri. Yuko huru kabisa," alisema. "Na miaka kumi na minane ni yangu."

Alipotoka, Tiburcia alimgeukia baba yake. "Ndiyo sheria hii uliyonikataza kusukuma kwa ajili yake? Miaka kumi na minane?"

"Ina mwisho, mwanangu. Yako haina."

"Na Don Fulgencio akisema hajui mtoto alizaliwa mwaka gani? Akisema vitabu vimeliwa na mchwa?"

Casiano alifikiri. Ndiyo maana mwaka uliofuata, siku ileile, adhuhuri, alisimama langoni kwa meya bila ngoma na kutangaza, kwa sauti iliyofika mtaa wa tatu, kwamba Inocencia, binti wa Tiburcia, aliyezaliwa huru, ametimiza mwaka mmoja na amebakiza kumi na saba. Mwaka wa pili akatangaza kumi na sita. Don Fulgencio aliwalalamikia wenye mji kuhusu makelele, nao walimhurumia sana. Hata hivyo, kila mwaka walitoka vibarazani kusikiliza.

Casiano alikufa kukiwa kumebaki miaka tisa. Mwaka uliofuata, adhuhuri, lango lilifunguliwa kutoka ndani. Tiburcia alitoka na mikono yenye unga wa mahindi, akasimama barabarani, akavuta pumzi.

"Minane!" alisema.

"Paza, mama," alisema Petrona kutoka ng'ambo ya njia. "Mtaa wa tatu hawajasikia."

Akapaza.