Ndiyo Tano za Mama

Likizo ya Agosti nilikuwa rais, kwenye simu. Kila asubuhi rais wa mchezo ule huamka na nukta tano za nguvu. Mawaziri wanapanga foleni: huyu anataka daraja, yule anataka askari zaidi, mwingine analalamikia mbwa wanaozurura. Kila jambo unaloamua linakula nukta moja, hata la mbwa. Nukta zikiisha, katibu anafunga faili zilizobaki na kuandika "Hapana". Rais hajakataa. Kaishiwa tu.

Nilikuwa nimeshapinduliwa mara sita ndipo nikagundua hilo, na papo hapo nikamwelewa mamangu.

Mama anakaanga viazi karai mlangoni kwetu, Chaani, na tangu alfajiri ni maswali. Mama, shati langu liko wapi? Mama, niazime sufuria. Mama, kesho kuna bajia? Mimi nilikuwa na ombi moja: Jumamosi timu yetu ya wasichana inacheza Kisauni, na kipa ni mimi. Nilikuwa nimeomba mara mbili, zote jioni, na zote nikaambiwa hapana bila yeye kuinua macho. Kumbe nilikuwa wa sita kwenye foleni!

Basi Alhamisi nikajipa ukatibu. Ndugu yangu mdogo alikuja kuomba ruhusa ya kwenda kuogelea, nikamkamata mlangoni.

"Rudi kesho."

"Kwani wewe ni mama?"

"Mimi ni ofisi ya mama."

Jirani alifuata sufuria kubwa, nikamkabidhi hata hajamaliza kupiga hodi. Wateja wa bajia nikawaahidi bajia. Chakula cha mchana nikaamua mwenyewe: sima na mchicha.

Saa tisa mama alizima jiko kabla ya wakati, akaketi kwenye kigoda. Nikasogea. Nukta zote tano zipo, wallahi!

"Nani kafa?" akaniuliza.

"Abee?"

"Usiniabee. Tangu asubuhi hakuna aliyeniuliza kitu. Ndugu yako ananipita kama mgeni. Jirani kaondoka na sufuria, hata kunisemesha hakunisemesha. Mnanificha msiba. Ni nyanya yenu?"

Ashapiga simu Kaloleni, kwa nyanya. Nyanya akapokea, mzima kabisa, akianza na lawama kwamba binti yake humkumbuka akiwa na shida tu. Mama alicheka huku anafuta machozi kwa leso. Alipokata simu akanigeukia mimi.

Nikaungama. Nikamwonyesha nukta, katibu na foleni. Alinisikiliza vizuri kuliko nilivyostahili.

"Kwa hivyo ulidhani nilikukatalia kwa kuchoka?"

"Si ulikuwa huniangalii hata."

"Nilikuwa naangalia mafuta ya moto, wee mtoto! Nilikukatalia kwa sababu mwezi jana mlirudi kutoka Port Reitz wanne juu ya pikipiki moja, mshikaki, na wewe ndiye nyama ya mwisho, umekalia chuma cha mizigo. Nilikuona. Hao mawaziri wako wakikataliwa hawaulizi sababu?"

"Hawana mdomo, mama. Wanaondoka tu."

"Ndiyo maana wanakupindua."

Nikamzima rais, nikaitia simu mfukoni.

"Jumamosi mtu mzima atakayewarudisha ni nani?" akauliza.

"Kocha. Ana miaka kumi na tisa."

"Huyo naye arudishwe na nani?" Akafikiri kidogo, akafunga leso upya. "Nitakwenda mwenyewe. Siku hiyo sikaangi."

Mama hajawahi kuacha Jumamosi ipite bila kukaanga. Nilimkumbatia mpaka nikanuka mafuta.

Kule Kisauni mama hakukaa na watazamaji. Alisimama nyuma ya goli langu na kuongoza nchi. "Toka! Rudi! Mwache huyo, ana wenzake!" Dakika za mwisho mshambuliaji wao akabaki na mimi peke yangu. Akili ikasema baki. Mama akasema toka. Nikatoka. Mpira ukanipita juu ya kichwa, ukadunda mara mbili na kuingia polepole, kama unabisha hodi. Tukafungwa moja bila.

Tulirudi kwa matatu, mimi na mama tumekaa ubavu kwa ubavu.

"Lile bao ni langu," akasema. "Ungebaki ungeudaka?"

"Wapi! Angefunga tu, mama," nikamwambia, ingawa yule mshambuliaji alikuwa anapiga mipira laini, kama anafukuza kuku.